Mpangaji Aliyehama Nyumba

Jumanne kituoni kwetu Endasiri ni siku ya ndama, na ndama hawajui foleni. Tangu saa mbili asubuhi nilikuwa nimepiga magoti kwenye majani makavu, napapasa tezi zilizovimba chini ya masikio, nachoma sindano, nafuta mikono kwenye koti ambalo mama yangu alishakata tamaa ya kulitakatisha. Wa kwanza ndigana kali. Wa pili ndigana kali. Wa tatu alikuwa na minyoo tu, lakini mwenyewe alitaka nimwambie ni ndigana, kwa kuwa jirani yake alikuwa ameambiwa ndigana.

"Ana minyoo, baba," nilimwambia. "Shukuru Mungu."

"Meza inasemaje?"

Meza nayo ilisema minyoo, na hapo ndipo alipokubali. Miaka kumi na minane nimetibu ng'ombe wa kata hii, na bado neno langu linahitaji mdhamini wa bati.

Sina kinyongo na Meza, ile mashine ya kupimia ya kituo. Kila ndama wa hapa akifikisha miezi sita humezeshwa kidude kinene kama kidole gumba, nacho hukaa tumboni mwake maisha yake yote. Watu wanakiita mpangaji. Mpangaji hupima joto, huhesabu mcheuo, husikiliza moyo na pumzi, na mnyama akisimama karibu na Meza huyamwaga yote. Hukumbuka pia kila usiku mnyama amelala wapi na amelala na nani. Kumbukumbu hiyo inaitwa njia, nayo imefungwa. Meza inaweza kuhesabu yaliyomo, lakini haiwezi kuyasema mpaka daktari wa kituo aweke kidole gumba chake kwenye kioo. Akiweka, njia hufunguka kwa watu wote: jina la mwenye ng'ombe, majina ya waliomtunza, tarehe, yote kwenye ubao wa kata na kwenye simu ya kila mfugaji. Sheria ilitungwa hivyo makusudi baada ya miaka ya mizoga, ili mtu asipate pa kufichia ugonjwa.

Kidole changu hakikuwa kimefungua hata njia moja. Niliwaapia watu. Kata hii iliwakataa wapangaji miaka mitatu mizima, kwa sababu kwetu ng'ombe wa mtu hakai kwa mtu. Una watano, unabaki na wawili. Watatu unawalaza kwa marafiki, mmoja mmoja, mbali, kimya. Ukame ukija hauli wote, maradhi yakija hayakombi wote, na mwenye husuda hajui aanze kuhesabu wapi. Anayekutunzia hunywa maziwa, na rafiki yake akiwa na shida zaidi, naye anaruhusiwa kumlaza ng'ombe wako huko. Ukimkumbuka ng'ombe wako humtaji mbele ya watu. Unapeleka kifurushi cha magadi, na aliyepokea anaelewa. Mimi ndiye niliyesimama kanisani, kisha kwenye josho, nikasema: wamezesheni, njia zenu zitakuwa chini ya gumba langu na gumba hili halina mdomo. Wakaniamini, na si kwa ng'ombe tu, waliniamini hata na siri ambazo wake zao hawazijui. Nalishukuru jambo hilo kila siku. Tangu Jumanne ile nalishukuru kwa hofu kidogo.

Saa tano alifika Tluway Boay akimvuta ng'ombe wa kijivu mwenye madoa meupe. Tluway ni mtu wa miaka sitini na kitu, mpole kupita kiasi, mtu anayebisha hodi hata akiingia zizini mwake mwenyewe.

"Anaitwa Mawingu," alisema. "Anakohoa kidogo. Nadhani ni vumbi tu, Daktari. Sikutaka kukusumbua."

"Mawingu," ilisema Meza kwa sauti yake ya mkutubi. "Jike. Umri, miaka kumi na mmoja. Chanjo ya homa ya mapafu, mara nne. Kikohozi cha vumbi, uwezekano tisini na mbili kwa mia."

Ng'ombe wa vumbi hasimami vile. Alikuwa amenyoosha shingo mbele, viwiko amevitanua, mgongo ameupinda, kama mtu anayejitahidi asiguswe mbavuni. Nikaweka sikio langu kwenye ubavu wa kulia, nikasikia pumzi. Nikahamia kushoto, sikusikia kitu. Nikagonga kwa kifundo cha kidole, ubavu ukajibu kama debe lililojaa. Nilipopitisha sindano kati ya mbavu yalitoka maji ya manjano, na kijiti cha kupimia nilichokichovya humo kikageuka bluu kabla sijahesabu hadi kumi.

Homa ya mapafu ya ng'ombe. Kwa mnyama aliyechanjwa mara nne.

Basi nikafanya walichofanya babu zetu kabla hawajaulizana hata habari za nyumbani: nikamfunua mdomo. Ng'ombe wa miaka kumi na mmoja ana meno yaliyolika, mengine yanacheza. Huyu alikuwa na sita makubwa, meupe, na mawili ya pembeni bado yale madogo ya utotoni.

"Mzee," nikasema, "huyu ana miaka mitatu na nusu."

Tluway akaitazama kofia yake.

"Na mpangaji wake ana kumi na mmoja."

Akaizungusha ile kofia mikononi. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nilimwosha vizuri mpangaji, Daktari. Kwa sabuni. Ndipo nikamzungushia ugali, ng'ombe akammeza."

*

Nilimkalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, akanisimulia akiwa ameinamisha kichwa.

Mawingu wa kwanza alikuwa wa Yasinta Akonaay, mke wa rafiki yake. Marehemu mumewe alimpa mkewe ng'ombe huyo peke yake, kimyakimya, na wakamlaza kwa Tluway. Miaka sita watoto wa Tluway walikunywa maziwa yale. Halafu rafiki akafariki, na siku ya tatu baada ya mazishi Mawingu naye akafa akizaa, yeye na ndama wake. Desturi iko wazi: ng'ombe wa mwenzako akifia mikononi mwako, unampelekea ngozi, anaipokea, hudaiwi. Tluway aliibeba ile ngozi hadi kwenye geti la mjane, akasikia vilio ndani, akarudi nayo.

"Ningemwambia nini, Daktari? Ndugu wa marehemu walikuwa uani wanagawana masufuria."

Basi akachukua dume lake la plau, akavuka mpaka wa kanda, akalibadilisha na mtamba wa rangi ileile, ambaye hakuwa na mpangaji. Akamtoa mpangaji kwenye tumbo la Mawingu aliyekufa, akamhamishia kwa mgeni. Akampa na jina. Mtamba alipozaa, akawa kila msimu anampelekea Yasinta samli, na kila alipopeleka aliambiwa asante, Mawingu hajambo? Naye alijibu hajambo.

Nilirudi kwenye Meza kutafuta ule usiku wa kifo. Ulikuwepo. Joto la tumbo lilishuka kama maji ya kisima, mcheuo sifuri, moyo sifuri, kwa saa thelathini na moja. Meza ilikuwa imeona ni hitilafu, ikairekebisha yenyewe, ikaandika: amekunywa maji baridi. Na kwa kuwa kwa hesabu yake Mawingu alishachanjwa, mtamba yule hakupata chanjo hata moja.

Ningependa kusema nilimkasirikia Tluway. Nilijaribu. Lakini mtu amelima kwa jembe la mkono misimu miwili ili mjane asipate taarifa mbaya wiki mbaya. Unaanzia wapi kumgombeza?

"Mtamba alikaa kwako muda wote?"

"Hapana. Nilimlaza kwa mtu. Naye akamlaza kwa mtu. Alizaa mwaka jana huko alikokuwa, nikaletewa samli. Amerudi juzi, anakohoa."

"Usinitajie jina." Nikageukia Meza. "Kwa miaka hii miwili, amelala na mifugo ya nyumba ngapi?"

"Kumi na tisa," ilisema Meza.

*

Anayesimamia magonjwa kwenye Mamlaka ya Kanda ni Dokta Kalokola, mtu wa taratibu, anayesikiliza mpaka unadhani simu imekatika. Nilimweleza kila kitu isipokuwa majina.

"Dada Restituta," alisema nilipomaliza, "weka kidole."

"Nikiweka, nyumba kumi na tisa zinaanikwa ubaoni. Wengine wamelaza ng'ombe kwa sababu za maana."

"Usipoweka, sheria inanitaka nifunge kata nzima na kuchinja. Ng'ombe elfu tatu na mia mbili. Unazijua hizo namba."

Nilizijua. Nilikuwa msichana miaka ya mizoga. Nikamwuliza kama sheria inataka majina au inataka vipimo.

Nikasikia karatasi zinapekuliwa. Mtu wa umri wake bado ana sheria kwenye karatasi. "Inataka mifugo yote iliyoguswa ipimwe," alisema hatimaye, "na idadi ya vipimo ilingane na idadi iliyomo kwenye njia. Haisemi lazima nimjue nani. Kijiti kikigusa pua ya mnyama kinamsoma mpangaji wake, sivyo? Meza italinganisha na njia iliyofungwa. Ikilingana, inahesabu moja. Ikifika kumi na tisa, nakuamini."

"Hadi lini?"

"Ijumaa saa kumi jioni. Baada ya hapo ni kidole chako au bunduki zangu. Samahani kwa kusema hivyo."

Nilimshukuru kwa dhati. Wapo wakubwa ambao wangeanza na bunduki.

*

Jumatano asubuhi tulikwenda kwa Yasinta, Tluway na mimi. Yeye alibeba ngozi aliyoitunza darini miaka miwili, ameikunja ndani ya gunia. Yasinta anaishi kwenye chumba cha mwisho cha boma lililokuwa lake. Nyumba kubwa wanakaa ndugu wa marehemu. Alitutazama, akalitazama gunia, akatazama dirisha la nyumba kubwa, akasema kwa sauti ya kusikika, "Karibuni mkaone viazi vyangu, vimeingia ugonjwa." Tukamfuata hadi katikati ya shamba, mahali ambapo sikio la mtu halifiki.

"Shemeji," alisema Tluway, "nimekuletea kitu ambacho ningekuletea zamani."

Yasinta aliifungua ngozi juu ya matuta. Hakuuliza ni ya nani. Alipitisha kiganja kwenye doa jeupe la bega, akarudia.

"Lini?"

"Siku ya tatu baada ya mazishi."

"Na samli uliyokuwa unaniletea?"

"Ya huyu mwingine."

"Mwingine wa nani?"

Nikajibu mimi badala ya Tluway. Nikamwambia habari za dume la plau na za mpangaji. Yasinta alisikiliza akiwa amechuchumaa.

"Ndiyo maana ulikuwa unalima kwa jembe," alimwambia. "Nikasema moyoni, maskini shemeji, uzee umemfikia kichwani kabla ya miguu." Alitaka kucheka, ikatoka sauti nyingine. Akafunika uso kwa upande wa khanga, akalia pale kwenye viazi, nasi tukasimama tu. Alipomaliza alisema, "Kumbe wiki ile nilifiwa mara mbili, na moja ukanibebea wewe. Asante, shemeji. Sijui hata nikuambie asante ya namna gani."

"Niliwanywesha watoto maziwa yako miaka sita," alisema Tluway. "Mimi ndiye sijui."

Nami niliyekuja na habari za ugonjwa nilijiona mwizi. Lakini ilibidi niseme. Nikamweleza juu ya homa ya mapafu, nyumba kumi na tisa, ng'ombe elfu tatu na mia mbili, na kidole changu. Nikamweleza kwamba njia ikifunguka jina la kwanza litakuwa lake, na ndugu wa marehemu watajua alikuwa na ng'ombe ambaye hawakumgawana.

"Watasema niliiba kwa mume wangu," alisema kwa utulivu. "Watanitoa na hapa." Akakunja ngozi. "Weka kidole, mwanangu. Nilianza maisha bila ng'ombe. Siwezi kuua ng'ombe za watu wote kwa ajili ya chumba kimoja."

Wepesi wake ndio ulioniumiza. Ningeweza kuishikilia ruhusa ile, nikarudi kituoni, nikaweka kidole na kujiambia kuwa mwenye ng'ombe ameridhia. Lakini njia haikuwa yake peke yake.

"Wewe umeridhia, mama," nilisema. "Na wale kumi na tisa? Nikawaombe ruhusa wapi, nami siwajui?"

"Kwani lazima uwajue wewe?" Aliniuliza hivyo kama anavyoulizwa mtoto aliyevaa viatu kushoto kulia. "Shemeji anajua alimlaza kwa nani. Huyo anajua alimlaza kwa nani. Hakuna anayejua wote, lakini wote wanajuana, kila mmoja na wa mbele yake. Siri ya mtungi aijuaye kata. Wape vijiti, vitafika."

"Vitafikaje bila maneno?"

"Wewe ni mtoto wa wapi? Si ndani ya magadi."

*

Kutwa nzima ya Jumatano tulifunga vifurushi sakafuni kituoni: magadi konzi moja, vijiti vya kutosha zizi moja, na karatasi niliyoiandika kwa mkono. *Gusisha kijiti puani mwa kila ng'ombe. Kikibaki cheupe, salama. Kikiwa bluu, mtenge, na Jumamosi umlete josho katikati ya wenzake, useme ni wako. Atachinjwa. Rudisha vijiti kituoni dirisha la dawa kabla ya Ijumaa saa kumi. Chukua chako, vingine peleka mbele. Sitauliza jina.* Mwisho nikaongeza *Asante*, nikaikuta karatasi ina joto la binadamu kidogo. Yasinta hajui kusoma sana. Alitaka nimsomee kila karatasi mara mbili ahakikishe hazitofautiani.

Tluway akaondoka na kikapu cha kwanza. Sikumtazama anaelekea upande gani.

Kwenye dirisha la stoo ya dawa nilitundika gunia, nikaacha upenyo wa kupitisha mkono. Nilijiwekea sheria: nitaona mkono tu, na nitasema neno moja tu kwa kila mtu, "Asante, imepokelewa."

Alhamisi asubuhi hakuja mtu. Nilitibu mbuzi mwenye jicho, nikamtoa ng'ombe kondo lililokwama, nikasikiliza dirisha. Saa sita pakagongwa mara moja. Mkono mwembamba wenye bangili ya shaba ukapita na kifurushi. Nikaviweka vijiti kwenye Meza.

"Moja," ilisema Meza.

"Asante, imepokelewa," nikasema.

Hadi jioni walikuwa saba. Nyumbani nilimkuta mama amekaa kwenye kigoda anachambua maharage. Tunaishi wawili, mimi na yeye, na ng'ombe wawili ambao huwakamua yeye, kwa kuwa anadai mikono yangu inanuka dawa. Mwaka jana nilipougua figo na kurudi kutoka hospitali nikiwa mifupa mitupu, yeye ndiye aliyenikalisha juani na kuninywesha maziwa, kikombe asubuhi kikombe jioni, miezi mitatu, mpaka nikaweza kumbeba ndama tena. Ninayo mengi ya kumshukuru, na sijawahi kuyasema hata nusu.

"Wamefika wangapi?" aliuliza.

"Saba."

Akaendelea kuchambua. "Na nyumba ya daktari nayo hupimwa?"

"Kama njia imepita kwake." Nikacheka. "Wetu wamelala na nani, mama? Na kuku?"

Akasema maharage ya mwaka huu yana mawe mengi.

*

Ijumaa walikuja kama watu waliokuwa wakisubiriana. Mikono ya kazi, mikono ya kizee, mmoja wenye pete ya padri, mmoja wa mtu ambaye, kwa manukato yale, nilimjua mara moja nikajilazimisha nisimjue. Kumi. Kumi na mbili. Kumi na tano. Kati ya vifurushi hivyo viwili vilikuwa na kijiti cha bluu. Mtu alikiona, akajua maana yake, akatembea nacho kilomita ngapi sijui, akanikabidhi. Kwa wote nilisema neno lilelile, na kila nilipolisema lilizidi kuwa kweli. Saa nane mchana Meza ilisema kumi na nane.

Kisha dirisha likanyamaza.

Saa tisa Yasinta na Tluway walikuja wakakaa kwenye benchi la ndani. Saa tisa na nusu Dokta Kalokola alipiga simu, akauliza idadi, akasema, "Bado nusu saa," akakata bila kuongeza kitu. Nilimwuliza Tluway kama vifurushi vyote viliondoka. Vyote. Nikaiuliza Meza kama haijakosea hesabu. Meza ikarudia: kumi na nane.

Nilisimama mbele ya kioo nikapangusa gumba langu kwenye koti. Nilipiga hesabu ambayo sikuitaka: nyumba kumi na nane zimeniamini, na kwa ajili ya moja nitazianika zote. Au nisizianike, na Jumatatu bunduki zishuke malorini, na watu walewale walionipa vijiti wasimame mbele ya mazizi matupu. Ukilitazama hivyo jibu ni jepesi. Ng'ombe elfu tatu ni uhai wa watu, aibu huisha. Lakini niliziona nyuso. Nilimwona Yasinta na fungu lake la nguo kwenye geti. Nilijua pia kwamba baada ya siku ile hakuna ndama wa Endasiri atakayemezeshwa mpangaji, na ugonjwa unaofuata utatukuta vipofu. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndiyo, lakini na mfichua watu je?

Hapo nikamkasirikia yule wa kumi na tisa. Nilimtukana moyoni, nakiri. Nilimwita mwoga, mchoyo, mtu asiyejua fadhila. Nilimwambia: wenzako wameleta hadi vijiti vya bluu, wewe unafuga nini cha ajabu?

"Saa kumi kasoro dakika saba," ilisema Meza.

"Weka, mwanangu," alisema Yasinta. "Umejitahidi. Tunashukuru."

Niliinua mkono. Ndipo pakagongwa, taratibu, mara moja.

Sijui nilifikaje dirishani. Mkono uliopita kwenye upenyo ulikuwa umeshika kifurushi kidogo, vijiti viwili tu. Kimoja cheupe, kimoja bluu. Ulikuwa mkono wa mtu mzima, mishipa juu, na kwenye kucha vumbi jekundu la maharage.

Ningeutambua mkono ule popote duniani.

Ubongo ukanirudisha mwaka jana. Miezi mitatu ya maziwa, kikombe asubuhi kikombe jioni. Na ng'ombe wetu wote wawili, mimi daktari, nilijua wazi kwamba miezi ile walikuwa wakavu, wenye mimba. Sikuwahi kujiuliza. Mgonjwa haulizi. Mama yangu alikwenda kwa mtu, mtu huyo akamlaza kwetu ng'ombe aliyetoka kuzaa, wa kijivu, zizi la nyuma, alfajiri, nami nikamnywa mpaka nikapona. Na asubuhi ile alisubiri nitoke, akapima, akaona bluu, akakaa na ile bluu kutwa. Nadhani hakuogopa kumpoteza ng'ombe. Aliogopa kuja kumfanya mwanawe ajue, mbele ya kazi yake, jambo ambalo kwetu halijulishwi.

Mkono ulibaki pale ukisubiri. Wengine wote walikuwa wameusubiri mwitikio wao.

"Asante," nikasema. "Imepokelewa."

Mkono ukarudi nje.

Niliweka vijiti kwenye Meza. "Kumi na tisa," ilisema, kwa sauti ileile isiyojali. Tluway akavua kofia. Yasinta akanishika bega, hakuuliza kwa nini machozi, akadhani ni ya furaha, na hakukosea sana. Dokta Kalokola aliposikia namba aliniomba niirudie. "Katika kazi yangu yote," alisema mwisho, "sijaona hii. Waambie asante."

"Siwajui," nilimwambia.

*

Nilifika nyumbani jua bado lipo. Mama alikuwa zizini amemtenga yule mkubwa pembeni, ng'ombe niliyemzalisha kwa mikono yangu, anamsugua mgongo kwa brashi ya nyasi kama kesho anapelekwa harusini. Kesho alikuwa anapelekwa josho. Mama angesema ni wake, nami ningemwita kwa ukaguzi kama ninavyowaita wa watu wote, kisha ningefanya kazi yangu. Ng'ombe hashindwi na nunduye.

Niliegemea boriti.

"Mama," nikasema, "mwaka jana, nilipokuwa naumwa. Asante kwa maziwa."

Hakugeuka. Aliendelea kusugua, polepole, kutoka bega hadi kiuno, akarudi begani.

"Maziwa gani?" alisema.